Insha ya Video ya Kuombea Chuo Kikuu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Waombaji wa Kigoma

Maswali haya yametoka kwa wanafunzi wa kidato cha sita, wahitimu na wazazi wa Kigoma Mjini, Ujiji, Kasulu na Uvinza ambao nimeketi nao wakiandaa maombi ya vyuo vya nje ya nchi. Nimeyapanga kadiri mwombaji anavyokutana nayo, kuanzia siku anaposoma fomu hadi siku anapobonyeza kitufe cha kutuma.

Insha ya video ni nini, na ni nani anayeihitaji?

Ni rekodi fupi ambayo mwombaji anazungumza mbele ya kamera ili kamati ya udahili imsikie mwenyewe, mbali na alama zake na maandishi yake. Anayeomba shahada ya kwanza katika vyuo vikuu vya Tanzania hahitaji kuhangaika nayo, kwa kuwa udahili wetu husimama juu ya matokeo ya kidato cha sita au stashahada na juu ya sifa zinazosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Wanaoihitaji ni wale wanaoomba vyuo vya nje, hasa vya Marekani, pamoja na wale wanaoomba baadhi ya ufadhili na shahada za uzamili za biashara.

Jambo hili si geni huko. Chuo Kikuu cha Tufts kiliwaruhusu waombaji wa mwaka 2010 kuongeza video ya dakika moja, na takriban 1,000 kati ya waombaji 15,000 walifanya hivyo. Leo Chuo Kikuu cha Chicago hupokea video isiyozidi dakika mbili, wakati Brown na Chuo Kikuu cha Washington cha St. Louis vimeweka kikomo cha sekunde 90. Shule ya biashara ya MIT Sloan huwataka waombaji wa shahada ya uzamili wajieleze kwa dakika moja tu. Kanuni hizi huguswa karibu kila mwaka, kwa hiyo soma ukurasa wa udahili wa chuo chenyewe mwaka ule ule unaoomba, wala usitegemee alichoambiwa kaka yako miaka mitatu iliyopita.

Chuo kimeandika kwamba video ni ya hiari. Je, niifanye?

Ushauri wangu ni kwamba mwombaji wa Kigoma aifanye, mradi awe na jambo la kusema na majuma mawili ya kulitayarisha. Mwombaji wa mji mkubwa anaweza kukutana ana kwa ana na mtu aliyesoma katika chuo hicho akahojiwa, au kumwona mwakilishi wa chuo shuleni kwake; wawakilishi hao mara nyingi huishia Dar es Salaam na Arusha. Sekunde 90 zinaweza kuwa nafasi pekee ambayo mtu wa chuo hicho ataisikia sauti yako. Hata hivyo, video iliyofanywa usiku wa mwisho, bila wazo, haina faida, na ni heri kuiacha na kuzielekeza nguvu zako kwenye insha ya maandishi.

Nizungumzie nini?

Hili ndilo swali lenye uzito kuliko mengine yote, na ndipo waombaji wengi wanapopotea kabla hata ya kuwasha kamera. Nimeona video nyingi za kwanza kutoka hapa kwetu, na zinafanana kwa namna ya kusikitisha. Kijana anasimama ufukweni, ziwa liko nyuma yake, anataja jina lake, shule yake, mchepuo wake, daraja alilopata, kisha anasema kwamba tangu utotoni ana ndoto ya kuisaidia jamii yake. Kila neno ni la kweli. Lakini jina, shule na daraja tayari vimo ndani ya fomu, na ndoto ya kuisaidia jamii inaweza kusemwa na mtu yeyote wa nchi yoyote. Anayetazama anabaki na ziwa zuri, asimjue kijana.

Chagua jambo moja dogo ambalo unalijua kwa mikono yako, ulieleze mpaka anayekusikiliza alielewe, kisha useme limekufanya ujiulize nini. Binti mmoja niliyemsaidia alitaka kwanza kueleza mapenzi yake kwa kemia. Nilimwuliza jioni anafanya nini, akasema anamsaidia mama yake kugeuza dagaa. Tukaendelea hapo hapo. Alieleza kwamba dagaa wanaoanikwa mchangani hushika mchanga na huharibika upesi mvua ikinyesha, na kwamba wanaoanikwa juu ya chanja hupata hewa juu na chini, hukauka haraka na hupata bei nzuri zaidi. Kisha akasema kwamba alipofundishwa habari za uvukizi darasani alijua tayari mahali pa kuufikiria, na kwamba bado hajaelewa kwa nini dagaa waliokaushwa vizuri hubadilika ladha baada ya miezi kadhaa. Hakutaja neno kemia hadi sekunde ya 50. Mtu aliyekuwa hajawahi kuwaona samaki wa Kigoma alimjua binti huyu kuwa ni mchunguzi, ingawa yeye mwenyewe hakujiita hivyo.

Mkoa huu una mambo ya namna hiyo kila upande. Wavuvi wa dagaa hutegemea taa kuwavuta samaki, na mbalamwezi inapokuwa kali kazi husimama kwa sababu nuru ya taa haishindani na nuru ya mwezi. Mwanafunzi wa fizikia ana kitu cha kusema hapo. Serikali ilipofunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, kila nyumba ya Kibirizi, mwalo wa wavuvi hapa Kigoma, ilikuwa na hesabu yake ya namna ya kuishi miezi hiyo mitatu, na mwombaji wa uchumi aliyeiona hesabu ya nyumbani kwao anaijua mada ambayo wengine wanaisoma vitabuni tu. Kukamua mawese, kutengeneza simu kwenye kibanda cha mjomba, kumtafsiria bibi Kiswahili cha hospitalini kwa Kiha: yote haya ni mada kamili. Lililo muhimu ni kwamba uwe umelifanya wewe. Hadithi ya jirani hutambulika mara moja, kwa sababu anayeisimulia hana maelezo madogo madogo.

Je, nieleze shida za nyumbani ili nihurumiwe?

Shida ikiwa sehemu ya jambo unaloeleza, itaje kwa ufupi na uendelee. Usiipambe wala usiifiche. Ninachokipinga kwa moyo wangu wote ni mwombaji kuvaa nguo chakavu asizovaa siku nyingine, au kumrekodi mama yake jikoni bila kumweleza video inakwenda wapi. Wewe unaomba kwenda kusoma, na heshima ya watu wa nyumbani kwako haiwezi kuwa nauli ya safari hiyo. Mahitaji ya fedha yana fomu zake za msaada wa masomo, na huko ndiko yanakoandikwa kwa takwimu na kwa vielelezo.

Kiingereza changu kina lafudhi ya kwetu. Itaniathiri?

Kamati hizi husikiliza waombaji wa dunia nzima, na lafudhi si kosa. Linaloathiri ni kukimbiza maneno. Mwombaji mwenye hofu husema haraka, humeza miisho ya maneno, na hapo ndipo msikilizaji anapompoteza. Punguza mwendo, weka kituo mwishoni mwa kila wazo, na usijaribu kuiga matamshi ya watu wa runinga. Sauti ya kuigiza huchosha baada ya sekunde kumi. Neno la Kiswahili au la Kiha lisilo na tafsiri nyepesi linaweza kubaki lilivyo, mradi ulifafanue kwa maneno machache papo hapo.

Niandike maneno yote kisha niyasome?

Andika, lakini usisome. Mtu anayezungumza Kiingereza kwa utulivu hutamka takriban maneno 130 kwa dakika, kwa hiyo sekunde 90 zinabeba maneno yasiyofika 200 na dakika mbili zinabeba kama 260. Waombaji wengi huja na kurasa mbili, na kazi ya kwanza ni kukata. Andika rasimu nzima, isome kwa sauti huku ukihesabu muda, punguza, kisha ibadilishe iwe vichwa vinne au vitano tu kwenye karatasi iliyobandikwa karibu na kamera. Macho yanayosoma huenda kushoto na kulia, na anayetazama huyaona. Ukisahau neno, tulia, vuta pumzi, endelea. Kituo kidogo cha mtu anayefikiri kina thamani kuliko ufasaha wa mtu anayekariri shairi la shule.

Nina simu ya kawaida tu. Je, nikodi kamera?

Hapana. Simu inayorekodi kwa ubora wa 720p au 1080p inatosha, na Chuo Kikuu cha Chicago kimesema wazi kwamba video haihitaji kuwa imesanifiwa sana. Tumia kamera ya nyuma, kwa kuwa katika simu nyingi ni bora kuliko ya mbele. Ifute kioo chake kwa kitambaa safi. Ilaze simu kwa upana. Iweke sawa na macho yako. Stendi ni nzuri ukiwa nayo, na kama huna, vitabu vilivyopangwa juu ya meza na tofali la kuiegemeza simu vitafanya kazi hiyo hiyo. Weka simu katika hali ya ndegeni ili asikupigie mtu katikati ya maneno yako, na hakikisha kuna nafasi ya kutosha kwenye kumbukumbu ya simu kabla hujaanza.

Kwa nini sauti yangu inasikika kama niko ndani ya pipa?

Kwa sababu chumba ni kitupu na kuta zake zinarudisha mwangwi. Watu wanavumilia picha hafifu, lakini sauti isiyosikika hawaivumilii, kwa hiyo muda wako mwingi wa maandalizi uutumie hapa. Rekodi katika chumba chenye kitanda, mapazia na nguo, au tundika blanketi na khanga kwenye kuta zilizo mbele na pembeni yako, nje ya picha. Simu isiwe mbali nawe zaidi ya urefu wa mkono mmoja na nusu, isipokuwa una kipaza sauti cha kubana kwenye kola. Hata kile kilicho kwenye waya wa hedifoni za simu husaidia sana.

Kisha kuna adui wetu wa kudumu, yaani bati. Tarehe nyingi za mwisho za vyuo vya Marekani huangukia kati ya Novemba na mwanzo wa Januari, wakati mvua za Kigoma zinanyesha kwa bidii, na mvua juu ya bati haiwezi kuondolewa na programu yoyote ninayoijua. Nimewahi kupoteza siku tatu mfululizo na mwombaji mmoja kwa sababu kila tulipokaa, wingu lilitoka upande wa Kongo likatukuta. Rekodi mapema, mwezi Septemba ikiwezekana. Na ukirekodi nje katika miezi ya kiangazi, kumbuka kwamba upepo wa kusini huvuma sana ziwani kati ya Mei na Septemba. Jikinge nyuma ya ukuta, la sivyo kipaza sauti kitashika upepo tu.

Ni saa ngapi yenye mwanga mzuri?

Hapa miongozo ya mtandaoni huwapotosha watu wetu. Kigoma iko magharibi kabisa mwa nchi, lakini tunafuata saa moja na Dar es Salaam, na kwa hiyo jua letu huchelewa. Hapa jua huchomoza karibu saa 1 asubuhi, hufika utosini karibu saa 7 mchana wala si saa 6, na huzama karibu saa 1 jioni. Mwanga laini wa nje unapatikana tangu linapochomoza hadi saa 2:30 hivi, na tena kuanzia saa 11:30 jioni. Kati ya saa 5 na saa 9 jua huchora vivuli vyeusi chini ya macho na nyusi, jambo linaloumiza zaidi nyuso zenye rangi yetu, kwa kuwa kamera ya simu hushindwa kuonyesha kwa pamoja anga jeupe na uso mweusi.

Ndani ya nyumba, kaa ukilitazama dirisha, usilipe mgongo. Gusa uso wako kwenye skrini kabla ya kuanza ili kamera ipime mwanga wa uso, wala si wa ukuta. Ukilipenda ziwa liwe nyuma yako wakati wa machweo, fahamu kwamba utaonekana kivuli kitupu. Ni heri ulitazame wewe, nuru yake ikuangukie usoni.

Ninaweza kurekodi mahali popote?

Usirekodi bandarini, kwenye kambi za jeshi au kwenye maeneo ya ulinzi bila ruhusa. Gombe, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1968, ina viingilio na taratibu zake, na kwa sekunde 90 sioni sababu ya kugharimika hivyo. Sokwe wamekwisha kurekodiwa na wengi tangu mtafiti Jane Goodall alipofika huko mwaka 1960, na chuo kinataka kukuona wewe. Kwa soko, mwalo au karakana, mwombe mwenye eneo, na waombe wote watakaoonekana. Watoto wasionekane bila idhini ya wazazi wao.

Je, nihariri na kuweka muziki?

Soma masharti kwanza. MIT Sloan, kwa mfano, hutaka rekodi moja isiyokatwa, bila muziki na bila maandishi. Pale ambapo kuhariri kumeruhusiwa, kata mwanzo na mwisho tu, na ukiweza onyesha kwa sekunde chache kile unachokizungumzia, kama vile chanja au waya za redio uliyoifungua. Muziki wa msanii mwingine una haki zake na hufunika sauti yako. Programu nyingi za bure huacha nembo yao kwenye picha. Ifute kabla ya kuhifadhi. Usitumie sauti ya kompyuta wala uso uliorembwa kwa programu: wanaokupokea watakutana nawe siku moja.

Video haipandi mtandaoni. Nifanye nini?

Dakika moja ya 1080p mara nyingi hupita megabaiti 100, kwa hiyo angalia kikomo cha ukubwa kilichowekwa na chuo, hifadhi kwa umbo la MP4, na punguza hadi 720p ikibidi. Pakia alfajiri au usiku wa manane, watumiaji wanapopungua, ukiwa na kifurushi cha kutosha kurudia mara mbili. Usiihamishe kutoka simu hadi kompyuta kwa kuituma WhatsApp kama video ya kawaida, kwani huko hupunguzwa ubora. Itume kama hati, au tumia waya.

Chuo kikitaka kiungo cha YouTube, chagua video isiyoorodheshwa (unlisted), yaani ile inayoonekana kwa mwenye kiungo tu. Ukichagua ya faragha, kamati itakutana na mlango uliofungwa. Mwombaji mmoja aligundua kosa hilo wiki tatu baada ya kutuma. Fungua kiungo chako kwenye simu ya mtu mwingine ambayo haina akaunti yako, utazame hadi sekunde ya mwisho.

Baadhi ya vyuo huuliza maswali papo hapo huku saa ikihesabu. Nijiandae vipi?

Shule nyingi za biashara na vyuo vichache vya shahada ya kwanza hutumia mfumo ambao swali linatokea kwenye skrini, unapewa muda mfupi wa kufikiri, mara nyingi sekunde 30 hadi dakika moja, kisha kamera inawaka yenyewe, na kwa kawaida hakuna kurudia. Majibu ya kukariri hayasaidii. Mwombe mdogo wako akuulize maswali asiyokuonyesha kabla, jioni kumi mfululizo, nawe ujibu kwa dakika moja ukijirekodi. Siku yenyewe tumia kompyuta mpakato yenye chaji kamili badala ya kompyuta ya mezani, kwa sababu umeme ukikatika saa haikusubiri, na uwe na simu ya pili yenye kifurushi cha mtandao tofauti. Mifumo hii huwa na swali la mazoezi. Lifanye mara nyingi uwezavyo.

Tarehe ya mwisho inahesabiwa kwa saa ya wapi?

Vyuo vingine huhesabu kwa saa ya mwombaji, vingine kwa saa yao. Saa 5:59 usiku ya pwani ya mashariki ya Marekani mwezi Desemba au Januari ni saa 1:59 asubuhi ya siku inayofuata hapa Kigoma. Kabla hawajarudisha saa zao nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba, ni saa 12:59 asubuhi. Ukihesabu kwa saa ya Kigoma utakuwa salama kwa vyote viwili, na ukituma siku tatu kabla utalala usingizi.

Wahitimu wanaoitwa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria baada ya mtihani wa Mei wapange mapema zaidi, kwa kuwa kambini simu si ya kutegemea. Chagua mada na uandike rasimu kabla ya kuondoka. Ukirudi utakuwa na wiki chache tu kabla ya tarehe 1 Novemba kwa wanaoomba duru ya mapema.

Mimi ni mzazi. Kuna mtu anasema atamtengenezea mwanangu video ya uhakika kwa malipo. Nimlipe?

Hakuna video ya uhakika, mama au baba yangu. Kumlipa fundi akuazime taa ni sawa. Kumlipa mtu amwandikie mtoto maneno ni kumharibia, na chuo kikigundua kinaweza kufuta ombi lote. Msaada mkubwa uwezao kumpa ni saa mbili za utulivu: redio izimwe, wadogo wapelekwe kwa shangazi, na wewe ukae nyuma ya kamera usoni pake, maana mtoto huzungumza na mtu vizuri kuliko anavyozungumza na kioo cha simu.

Nimeshatuma, kisha nimeona nimekosea neno. Naweza kubadilisha?

Mara nyingi haiwezekani, na kosa la neno moja halina madhara. Kama ni hitilafu ya faili, yaani sauti haitoki au kiungo hakifunguki, iandikie ofisi ya udahili barua pepe fupi ya heshima siku hiyo hiyo, ukitaja jina lako kamili na namba ya ombi, na uambatishe kiungo kinachofanya kazi.